Kutoka Ushuhuda hadi Tiba: Historia ya Tiba ya Kukabili Kumbukumbu za Kiwewe na Nafasi ya Makazi ya Nakivale, 1918–2008

Utangulizi

Tiba ya kukabili ni tiba inayomrudisha mgonjwa, hatua kwa hatua, kwenye kumbukumbu anayoiogopa mpaka kumbukumbu hiyo ipoteze makali yake. Historia yake kwa kawaida husimuliwa kama historia ya madaktari wa Ulaya na Marekani, na Afrika hutajwa mwishoni tu, kama mahali ilipopelekwa tiba iliyokwisha kukamilika. Insha hii inapinga mtazamo huo. Hoja yake ni kwamba swali gumu kuhusu tiba hii, yaani iwapo kinachoponya ni mbinu yenyewe au ni kusikilizwa, lilijitokeza waziwazi katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale nchini Uganda, na kwamba jibu lililopatikana huko halikumpendelea upande wowote.

Chimbuko la mbinu

Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, W. H. R. Rivers, daktari na mwanaanthropolojia wa Uingereza, aliwatibu maofisa wa jeshi katika hospitali ya Craiglockhart, Edinburgh. Mwaka 1918, katika jarida la The Lancet, alipinga ushauri uliozoeleka wa kuwataka askari wayasahau yaliyowapata. Kwa maoni yake, jitihada ya kusahau ndiyo iliyomrudishia mgonjwa majinamizi ya usiku.

Hatua iliyofuata ilikuwa na mizizi barani Afrika. Joseph Wolpe, aliyekuwa daktari katika jeshi la Afrika Kusini wakati wa Vita Vikuu vya Pili, hakuridhishwa na matibabu ya dawa waliyopewa askari wenye hofu ya vita. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1958, alieleza namna ya kumkaribisha mgonjwa polepole kwenye kile anachokiogopa huku mwili wake ukiwa umetulizwa. Mwaka 1980 msongo wa baada ya kiwewe uliingizwa rasmi katika orodha ya maradhi ya akili ya Marekani, na mwaka 1991 Edna Foa na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wanawake waliobakwa, ambamo tiba ya kukabili ililinganishwa na tiba nyingine.

Chimbuko la pili halikutoka kwa madaktari wa vita. Nchini Chile, baada ya mapinduzi ya 1973, wanasaikolojia waliandika ushuhuda wa watu walioteswa na dola. Wawili kati yao walichapisha matokeo yao mwaka 1983 kwa majina ya bandia, kwa kuwa utawala uleule ulikuwa bado madarakani. Ushuhuda huo ulikuwa na kazi mbili: kumpunguzia msimulizi maumivu, na kuhifadhi ushahidi dhidi ya watesaji.

Imvepi na Nakivale

Maggie Schauer, Frank Neuner na Thomas Elbert, wa Chuo Kikuu cha Konstanz nchini Ujerumani, waliziunganisha asili hizo mbili. Mkimbizi, tofauti na mtu aliyepatwa na tukio moja, hubeba matukio mengi yaliyofuatana. Kwa hiyo tiba yao humtaka asimulie maisha yake tangu kuzaliwa. Masimulizi huandikwa, husomwa tena katika kikao kinachofuata, na mwishoni mgonjwa hukabidhiwa nakala.

Jaribio lililochapishwa mwaka 2004 liliwahusu wakimbizi 43 wa Sudan katika makazi ya Imvepi, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 29 ya waliosimulia bado walikuwa na maradhi hayo, ikilinganishwa na asilimia 79 ya waliopewa ushauri wa kuwatia moyo na asilimia 80 ya waliopewa elimu pekee.

Jaribio la Nakivale, lililochapishwa mwaka 2008, lilikuwa kubwa zaidi. Liliwahusu wakimbizi 277 wa Rwanda na Somalia, na washauri walikuwa wakimbizi wenyewe, watu wasio wataalamu waliopewa mafunzo mafupi. Katika ufuatiliaji, asilimia 70 ya waliopata tiba ya masimulizi hawakuwa tena na maradhi, dhidi ya asilimia 65 ya waliopata ushauri wa kiwewe usiofungwa na mwongozo. Katika kundi lililofuatiliwa bila tiba, waliopona walikuwa asilimia 37.

Mjadala

Takwimu hizi zinadai kusomwa kwa uangalifu. Kwanza, waliokatisha tiba ya masimulizi walikuwa asilimia 4 tu, ilhali waliokatisha ushauri walikuwa asilimia 21. Hofu ya muda mrefu kwamba kusimulia kiwewe humfukuza mgonjwa haikuthibitishwa. Pili, tofauti ya matokeo kati ya tiba hizo mbili haikuwa ya kitakwimu. Hata hivyo, haifai kuhitimisha kwamba mbinu haina maana. Ushauri ule nao ulihusu kiwewe, hivyo mpaka kati ya tiba hizo haukuwa ukuta. Tatu, kundi lisilotibiwa linatukumbusha kwamba baadhi ya watu hupona bila tiba, na pia kwamba wapo waliohojiwa kuhusu maumivu yao bila kupewa dawa ya maumivu hayo. Mwanahistoria hana budi kuwahesabu hao pia.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini si kila ukimya ni kuficha. Kwa mkimbizi, kunyamaza huweza kuwa kinga, hasa pale anayeuliza anapofanana na wale waliowahi kumhoji kwa nguvu. Ndiyo maana suala la nani anauliza haliwezi kutenganishwa na suala la namna ya kuuliza.

Hitimisho

Rivers alionyesha kwamba kusahau kwa nguvu hakuponyi. Chile ilionyesha kwamba masimulizi ni mali ya msimulizi na ni ushahidi wake. Nakivale ilionyesha kwamba mkimbizi anaweza kuwa mponyaji wa mkimbizi mwenzake. Historia ya tiba hii itakayoiacha Nakivale katika tanbihi itakuwa imeacha mahali ambapo wagonjwa na waganga, kwa mara moja, walitoka katika makazi yaleyale.