Waliorudi vitani mikono mitupu: historia ya Butlin na ya ndugu wawili Dassler



Kila mara kijana akileta ombi la mkopo kwa kazi ya mchezo, jibu la mkutano ni lile lile. Mwenye anataka kununua mawese, apewe. Mwenye anataka kwenda kuchukua samaki, apewe. Moto ya kubeba watu, sawa. Lakini mwenye anataka meza ya babifuti, ao projekta ya kuonyesha mpira, ao baiskeli tano za kukodisha, anaambiwa: mchezo si kazi, rudi nyumbani ukafikiri. Kamati haina roho mbaya. Pesa ya mfuko ni jasho la wamama wenye walianza kuweka franka zao tangu tuvuke ziwa, na mtu hachezi na jasho la mama. Hata hivyo nataka tuangalie historia kidogo, ju kuna watu walirudi kwao bila kitu, kama sisi, wakajenga kazi kubwa kwa mchezo tu. Na makosa yao pia tuyaone, ju yako na faida kwetu kuliko sifa zao.

Wa kwanza ni Billy Butlin. Alizaliwa Cape Town, Afrika ya Kusini, mwaka 1899. Baba na mama waliachana, mama akarudi na watoto Uingereza, kisha akaolewa tena na familia ikahamia Kanada. Shule alibadilisha-badilisha, hakumaliza hata moja vizuri. Watoto wetu wenye walianza darasa Fizi, wakaendelea Lugufu kwa Kiswahili cha Tanzania, halafu wakarudi kukutana na Kifaransa, watamuelewa bila kufafanuliwa. Toronto alifanya kazi katika duka kubwa, akaingia jeshi la Kanada wakati wa vita vya kwanza vya dunia. Mwaka 1921 aliamua kurudi Uingereza. Alipanda meli ya kubeba ng'ombe, akashuka Liverpool akiwa na paundi tano mfukoni. Hapo hakuna shirika lenye lilimpokea na turubai na masufuria.

Alielekea Bristol, kwa ndugu za mama yake, wenye walikuwa watu wa maonyesho ya barabarani: leo kijiji hiki, kesho kile, na bembea na michezo ya kubahatisha. Katika zile paundi tano akatoa sehemu, akakodi kibanda cha kutupa pete. Mchezo wenyewe ni mwepesi. Zawadi inawekwa juu ya kigogo cha mbao, mteja anatupa pete. Pete ikipita kigogo chote mpaka chini, zawadi ni yake. Ujanja wa wenye vibanda ulikuwa huu: walichonga vigogo vikubwa, pete inapita kwa shida sana, hata mtu mwenye mkono mzuri anarudi bure. Walifikiri hiyo ndiyo faida.

Butlin alipunguza vigogo. Watu wakaanza kushinda. Wazee wa maonyesho walimwona kama kijana mwenye anatupa mali yake. Kumbe mwenye alishinda alizunguka uwanja mzima na zawadi mkononi, kila mtu akamuuliza, umeipata wapi? Wakaja kwake, na vibanda vya jirani vikabaki kuangalia.

Tupige hesabu kwa pesa yetu, kama mfano tu. Tuseme mchezo ni franka 500, na zawadi moja inakugharimu 2.000. Kibanda cha vigogo vikubwa kinapata watu kumi, hakuna mwenye anashinda, unalala na 5.000, na kesho wale kumi hawarudi. Kibanda cha vigogo vidogo kinapata watu arobaini, sita wanashinda. Umepokea 20.000, zawadi zimekula 12.000, unabaki na 8.000. Na kesho wanarudi na ndugu zao. Faida ya mtu mmoja mmoja imepungua, ya siku imepanda. Mwenye anauza mikate hapa kwetu anaijua hesabu hii tangu zamani, ila akifika kwa mchezo anaisahau, anataka kumnyonya mtoto franka yake ya kwanza na ya mwisho.

Kutoka kibanda kimoja alifika kwa viwili, vitatu. Mwaka 1927 alifungua uwanja wa michezo Skegness, mji mdogo wa pwani ya mashariki. Mwaka uliofuata alileta vile vigari vya umeme vya kugongana, akachukua na haki ya kuviuza Ulaya. Pesa ikaingia. Lakini kitu chenye kilimfanya ajulikane nchi nzima kilitoka kwa mvua.

Wafanyakazi wa Uingereza wenye walipata vakansi walikuwa wanalala kwa wamama wenye kukodisha vyumba karibu na bahari. Sheria ya nyumba hizo: ukisha kula chai ya asubuhi, toka, usirudi mpaka jioni. Jua likiwaka, hakuna shida. Mvua ikinyesha, baba, mama na watoto wanazunguka mitaani wamelowa, na chumba wamelipia. Butlin aliona familia kama hizo pale Barry Island, akaona huruma, na akaona biashara. Alinunua shamba la mboga karibu na Skegness, akajenga vijumba, bwawa la kuogelea, ukumbi wa kula, ukumbi wa dansi na viwanja. Chakula mara tatu na michezo yote ndani ya bei moja. Kulifunguliwa na Amy Johnson, yule mwanamke rubani, siku za Pasaka mwaka 1936. Neno lake la kuvutia watu lilikuwa kwamba vakansi ya juma moja inalingana na mshahara wa juma moja. Mwaka 1938 bunge likapitisha sheria ya vakansi yenye kulipwa, na Butlin alikuwa tayari na milango wazi.

Mahali hapo aliita kambi. Ndiyo, kambi! Sisi wenye tulihesabu miaka Nyarugusu neno hilo linatukata tumbo, na tazama mzungu analipa mshahara wake alale kambini, aamshwe asubuhi na kipaza sauti, apange mstari wa chakula. Tofauti ni kwamba Jumamosi anachukua sanduku lake na kwenda kwao. Lakini tusisahau kwamba hata kambini kwetu uwanja wa mpira haukulala. Mtu mwenye hana shamba, hana kazi, hana karatasi, bado alikwenda kuona mechi jioni. Mwenye anasema watu maskini hawahitaji mchezo, aulize wale wenye walisimama pale kandokando ya mstari.

Siku za kwanza pale Skegness kidogo zingeharibika. Kila kitu kilikuwepo, lakini watu walikaa kila familia peke yake, hawasalimiani, wanaangalia bwawa tu. Butlin alimwomba mmoja wa watu wake, Norman Bradford, ajaribu kuwachangamsha. Bradford akasimama wakati wa kula, akatoa mizaha, akawaambia kila mtu amsalimie jirani. Ukumbi ukaamka. Hapo ndipo ilizaliwa kazi ya wale vijana wa koti jekundu, wenye kazi yao ni kuchezesha watu tangu asubuhi mpaka usiku. Bwawa na vijumba havikutosha, mtu ndiye alikosekana. Kwa hiyo kijana akiandika katika ombi lake bei ya projekta na bei ya jenereta, kamati imuulize pia nani atasimama mlangoni, na kama huyo mtu anajua kucheka na watu.

Vita vya pili vilipoanza mwaka 1939, serikali ilichukua kambi zote. Skegness ikawa kituo cha wanamaji. Ilipewa jina kama la meli, na inasimuliwa kwamba redio ya Wajerumani ilitangaza siku moja kwamba meli hiyo imezamishwa. Butlin hakukaa kulia. Serikali ilihitaji mabweni ya askari haraka, naye alijua kujenga haraka. Akawajengea, kwa mapatano kwamba vita vikiisha atazinunua kambi zile kwa bei ndogo. Mwaka 1947 alikuwa na kambi tano zinapokea wageni: Skegness, Clacton, Filey, Ayr na Pwllheli.

Halafu akajiona anaweza kila kitu. Akaenda kujenga kambi visiwa vya Bahamas, mbali, kwa wateja Wamarekani wenye hakuwajua. Gharama zilipita hesabu, wakafungua kabla ya kumaliza, mwaka 1950 ikafungwa, na yeye mwenyewe nusura aondolewe katika kampani yenye alianzisha. Yule mwenye alimwelewa mfanyakazi wa Uingereza mpaka viatu vyake vyenye kulowa, hakumwelewa Mmarekani. Miaka ya nyuma safari za ndege kwenda Spania zilikuwa rahisi, wateja wakafuata jua. Familia iliuza kampani mwaka 1972.

Sasa tuende Ujerumani, ju historia ya pili inatugusa ndani ya nyumba.

Adolf Dassler, wenyewe wakimwita Adi, alizaliwa mwaka 1900 katika mji mdogo wa Herzogenaurach. Baba yake alifanya kazi katika kiwanda cha viatu, mama alikuwa na chumba nyuma ya nyumba chenye alifulia watu nguo, na vijana wake ndio walizipeleka kwa wenyewe. Adi alijifunza kuoka mikate. Akaitwa vitani, aliporudi mama alikuwa ameacha kufua, ju nani tena alikuwa na pesa ya kufuliwa nguo? Katika kile chumba kitupu Adi akaanza kushona viatu. Ngozi hakuna. Akaokota mabaki ya jeshi lenye lilishindwa: mikoba, kofia za chuma zenye ngozi ndani, vitambaa vya parashuti. Umeme ulikuwa wa kubahatisha, basi akafunga mashini yake kwa baiskeli, mtu anakanyaga pedali na mashini inazunguka. Fundi yeyote wa Baraka ao Uvira angefanya vile vile.

Adi alipenda riadha kuliko kitu chote. Aliona kwamba mkimbiaji, mruka juu na mcheza mpira wote wanavaa kiatu kimoja, na kila mmoja anaumia kwa namna yake. Rafiki yake, mwana wa mhunzi, akamfulia misumari ya kuweka chini ya viatu vya mbio. Kaka yake Rudolf akaingia kazini. Yeye alijua kuongea na kuuza, Adi alijua kutengeneza. Mwaka 1924 waliandikisha kampani ya ndugu wawili. Mwaka 1928, Olimpiki ya Amsterdam, Lina Radke alishinda mbio za mita 800 na viatu vyao. Mwaka 1936 Berlin, mbele ya Hitler, Jesse Owens, Mwamerika mweusi, alichukua dhahabu nne, na viatu vya Dassler vilikuwa miguuni mwake. Tusifiche: ndugu hao walikuwa wameingia chama cha Hitler tangu mwaka 1933.

Kiatu hakikuwaharibu, na soko halikuwaharibu. Walikaa nyumba moja, wake hawakupatana, vita vikaleta mashaka, kila mmoja akamshuku mwenzake. Mwaka 1948 waligawanyika. Wafanyakazi wakaambiwa wachague upande. Rudolf akavuka mto mdogo wa mji akaanzisha Puma. Adi akachukua kipande cha jina lake na kipande cha jina la baba, akaandikisha Adidas tarehe 18 Agosti 1949. Mji ukapasuka: baa zao, timu zao, hata ndoa. Watu walisema mji ule kila mtu anatembea shingo chini, ju kabla ya kumsalimia mtu anaangalia kwanza amevaa kiatu gani.

Kuna mwenye atasema mashindano yao yalileta maendeleo. Ni kweli kwamba mwaka 1954, Bern, kwenye mvua, Ujerumani ya Magharibi iliwapiga Wahungaria 3-2 katika fainali ya Kombe la Dunia wakiwa na viatu vya Adi vyenye meno ya kufungua na kukaza. Mimi naona bei ilikuwa kubwa. Rudolf alikufa mwaka 1974, Adi mwaka 1978, na makaburi yao yako katika kiwanja kimoja, moja pembe hii, lingine pembe ile. Tarehe 21 Septemba 2009 tu, ndipo wafanyakazi wa viwanda vyote viwili walicheza mpira pamoja, timu zimechanganywa.

Hapa kwetu michezo na biashara si wageni. Wazee wa Katanga wanakumbuka kwamba TP Mazembe iliitwa Englebert, jina la kampani ya mipira ya gari, na kwa jina hilo ilichukua kombe la Afrika mwaka 1967 na 1968.

Ninaomba basi kwamba maombi ya kazi za mchezo yasomwe kama mengine, na kwamba ndugu wakiomba wawili, karatasi yao iandike kabla ya kupewa franka moja: mashini ni ya nani, nani anashika pesa, na siku wakigombana kila mmoja anatoka na nini. Fomu za mawese hazina mstari huo. Nazo ziongezwe.