Ng'ombe Huyu na Ng'ombe Hii: Uhai Katika Sarufi na Katika Fikra

Mwalimu wa Kiswahili anayefundisha Base Camp, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, hukutana na kosa moja karibu kila siku. Mwanafunzi huandika "ng'ombe hii inakunywa maji", naye mwalimu huyakata maneno hayo kwa wino mwekundu na kuandika juu yake "huyu anakunywa". Kanuni yetu ni wazi. Majina ya viumbe wenye uhai, hata yawe na umbo la ngeli gani, hupatanishwa kama jina mtu: twasema kiboko yule, samaki huyu, nyuki wale. Lakini mwanafunzi mwenye akili hakosi kuuliza: je, mti hauna uhai? Haukui, haunywi maji, haufi? Mbona basi husemwa mti huu? Swali hilo ni kongwe kuliko sarufi zetu zote, na yafaa tulitazame kwa utulivu, kwa sababu wapo wataalamu waliojenga juu yake falsafa nzima, na baadhi yao walitoka jirani kabisa na Nakivale.

Makazi haya yamo katika wilaya ya Isingiro, ambayo hadi mwaka 2006 ilikuwa sehemu ya Mbarara. Wakazi wake wa kwanza walikuwa Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya mwaka 1959. Baadaye wakaja Warundi, Wakongo, Wasomali, Waethiopia na wengineo. Kila kundi lilikuja na lugha yake, na kila lugha ina namna yake ya kuvigawa vilivyomo duniani. Mnyarwanda husema iyi nka, "ng'ombe hii", kama asemavyo iyi ngoma. Jina inka hufuata ngeli yake, wala uhai wa mnyama haubadilishi lolote. Kwa hiyo mtoto aliyeandika "ng'ombe hii" hakukosa kuona kwamba ng'ombe ni hai. Alifuata mpango wa zamani wa lugha za Kibantu, ambao Kiswahili chenyewe kiliuacha polepole, na hata hivyo hakikuuacha wote. Sisi wenyewe twasema baba yangu na rafiki zangu, hatusemi "baba wangu". Mabaki hayo yamo vinywani mwetu kila siku, nasi hatuyatii wino mwekundu.

Sasa tutazame wale waliosoma falsafa ndani ya ngeli. Mwaka 1945, mjini Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, padri Mbelgiji Placide Tempels alitoa kwa Kifaransa kitabu juu ya falsafa ya Wabantu. Alikuwa ameishi na Waluba wa Katanga, akadai kwamba kwao kuwako ni kuwa na nguvu: kila kitu ni nguvu, nayo huongezeka au hupungua. Baada yake akaja padri Alexis Kagame wa Rwanda (1912–1981), msomi wa Kinyarwanda asiye na mfano, ambaye kazi yake kubwa ilichapishwa Brussels mwaka 1956. Kagame hakuanza na hadithi wala matambiko. Alianza na sarufi. Alivipanga vyote vilivyoko katika mafungu manne: umuntu, chenye akili, ikintu, kisicho na akili, ahantu, mahali na wakati, na ukuntu, namna. Katika mpango huo ng'ombe, mti na jiwe vimo fungu moja la ikintu. Mzimu wa babu, kwa kuwa una akili, umo pamoja na watu. Na kweli Kinyarwanda husema umuzimu, abazimu, kama umuntu, abantu. Mnyama ana igicucu, yaani kivuli, ambacho ndicho uhai wake, nacho hutoweka anapokufa. Binadamu anacho kivuli hicho, na juu yake ana kile kinachobaki baada ya kifo.

Ni mpango wa kupendeza. Lakini aliyesoma seminarini haoni ugeni wowote ndani yake. Myunani Aristotle alikwisha kusema kwamba mmea una nafsi ya kujilisha, mnyama ana na ya kuhisi, mtu peke yake ana na ya kufikiri. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliyaeleza hayo kwa Kiarabu kwa mapana zaidi, na mapadri wakayarithi kwa Kilatini. Okot p'Bitek, mshairi na mwanachuoni wa Uganda, katika kitabu chake cha mwaka 1970 aliwalaumu wale walioivisha dini ya Kiafrika mavazi ya Kiyunani, na hakuwaonea haya hata wanachuoni wa Afrika wenyewe. Tunaona kwamba lawama hiyo ina haki, ingawa kwa Kagame ni kali kupita kiasi, kwani angalau yeye alitoa ushahidi unaoweza kupimwa.

Na tuupime basi, kwa kitu kilichokuwa Mbarara. Ufalme wa Nkore ulikuwa na ngoma kuu iliyoitwa Bagyendanwa. Mwanaanthropolojia Kalervo Oberg, katika maandishi yaliyochapishwa mwaka 1940, ameeleza jinsi ilivyotunzwa: ilikuwa na nyumba yake na ng'ombe wake, ililetewa maziwa na sadaka, na kando yake palikuwa na ngoma nyingine iliyohesabiwa kuwa mke wake. Wafalme walikufa wakapita, Bagyendanwa ikabaki. Kwa Wanyarwanda nako kulikuwa na Kalinga, na kwao neno ingoma ni ngoma na ni utawala pia. Watu waliofika Nakivale karibu na mwaka 1960 walikuwa wametoka chini ya ngoma hiyo, na mwaka 1961 ufalme wake ukafutwa nyuma yao. Nkore nayo ilifutwa mwaka 1967.

Kwa sarufi, ngoma ni ikintu: haina akili, wala hata kivuli cha mnyama. Kwa matendo ya watu, ilikula, ilioa na kuheshimiwa. Ikiwa ngeli ndiyo ghala ya fikra za watu juu ya uhai, mbona haikuiweka Bagyendanwa mahali pake? Jibu letu ni kwamba ngeli hutuonyesha tu jinsi wahenga wa lugha walivyozoea kupanga majina. Waliyoyaamini juu ya uhai hatuna budi kuyatafuta katika waliyoyatenda na katika historia ya neno moja moja.

Historia hiyo ya maneno ndiyo inayomfaa mwalimu, na katika Kiswahili ni tajiri. Wengi hudhani kwamba uzima na mzimu ni ndugu kwa sababu vinafanana. Ukilinganisha na Kikikuyu utaona vinginevyo: huko mtu mzima ni mũndũ mũgima, lakini zimwi la hadithini ni irimũ. Sauti mbili tofauti za kale, g na r, kwetu zimeangukia z moja. Uzima ni ukamilifu. Mzimu ni jambo jingine. Tena, mzimu wetu umehamia ngeli ya mti, twasema mizimu imekasirika, lakini wingi wa kale, wazimu, umesalia kama jina la ugonjwa wa akili. Mtoto wa Kinyarwanda anayesikia "ana wazimu" husikia abazimu, na hakosei sana.

Roho, nafsi na hai tulivipata kutoka Kiarabu, pamoja na elimu ya Kiislamu. Mtoto wa Kisomali hana shida navyo, kwani kwao kuna naf na ruux, ingawa ruux kwake ni roho na ni mtu pia. Nafsi imepata bahati ya ajabu kwetu: neno walilolitumia wanafalsafa kwa kile kinachompa kiumbe uhai, sisi walimu tumelifanya istilahi ya sarufi, tukasema nafsi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Kwa hiyo ng'ombe anayekunywa maji, kwa ile a- yake, amepewa nafsi ya tatu ambayo mti umenyimwa. Aristotle asingekubali.

Ama maiti, hapo hata wazawa wa pwani hawana kauli moja. Utasikia maiti huyu na maiti hii, pengine katika mazungumzo yaleyale, na sisi hatuoni sababu ya kumnyima mwanafunzi alama kwa lolote kati ya hayo mawili.

Tofauti ya hai na mzima ndiyo tunayoitilia mkazo zaidi Base Camp. Anayeuliza kama mtu yu hai anauliza juu ya pumzi tu; anayeuliza kama ni mzima anauliza kama amekamilika, hakupungukiwa. Katika makazi ya wakimbizi maswali haya mawili hutengana kila siku. Tena wapo wanafunzi wasiojua jibu hata la swali la kwanza, kwa kuwa walitengana na wazazi njiani wala hawajapata habari zao. Ukiwapa insha ya "Baba yangu", sarufi huwadai wachague: baba yangu ni mrefu, au alikuwa mrefu. Hakuna kiambishi cha katikati. Wengi wao huandika ni, hata pale ambapo mengine yote katika insha yako katika wakati uliopita. Kwa kanuni za upatanisho wa nyakati hilo ni kosa, nasi tumekubaliana kuliacha lilivyo.