Rangi mpya isifiche ufa wa fremu ya pikipiki

WAMILIKI wengi wa pikipiki za zamani huanza kazi ya kubadili rangi kwa kwenda dukani kuchagua rangi. Hapo ndipo makosa yanapoanzia, kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika kabla kopo halijafunguliwa. Tena faida yake kubwa si urembo, bali ni kupata nafasi ya kuiona fremu ikiwa tupu, nafasi ambayo mwenye chombo huenda asiipate tena kwa miaka mingi.

Baada ya kufungua tangi, betri, nyaya na magurudumu (na ni busara kupiga picha njia ya kila waya kabla ya kuuchomoa), sehemu zote huoshwa kwa mafuta ya taa, kisha kwa sabuni na maji. Petroli isitumike. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni, na katika nyumba zetu za kupanga haukosi kukutana na jiko la mkaa la jirani.

Njia salama zaidi ya kuondoa rangi nyumbani ni msasa na brashi ya waya, ingawa huchosha. Anza na msasa namba 80 au 120, umalizie na 240, ukiulowesha maji ili vumbi lisiruke, kwani rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni hatari hasa kwa watoto. Dawa za kuyeyusha rangi hurahisisha kazi, lakini soma kibandiko kwanza. Zile zenye metilini kloridi zimewaua watu waliozitumia katika vyumba visivyopitisha hewa, na Marekani ilipiga marufuku kuziuzia watumiaji wa majumbani mwaka 2019. Kitambaa puani hakizuii mvuke huo.

Kostiki soda nayo huondoa rangi kwenye chuma, ila huila alumini na kutoa gesi ya haidrojeni inayoweza kulipuka. Vifuniko vingi vya injini ni vya alumini. Asiye na uhakika achukue sumaku: isiponasa, kostiki isikaribie hapo.

Fremu ikishakuwa tupu, usikimbilie praima. Kagua kichwa cha fremu panapopita mhimili wa usukani, mahali unapofungwa mkono wa gurudumu la nyuma, na kila kiungo kilichochomelewa. Ipo njia ya zamani isiyo na gharama. Paka mafuta ya taa kwenye kiungo, subiri robo saa, futa hadi pakauke kabisa, kisha pakaza unga wa chaki nyeupe. Kama pana ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatatoka taratibu na kuchora mstari juu ya chaki.

Wapo mafundi wanaoujaza ufa huo puti, wakausugua na kuupulizia rangi ukapendeza. Huo si ufundi. Puti haibebi uzito, na fremu itakayokatika kwenye mwendo haitachagua kati ya dereva na abiria. Ufa katika kiungo cha kawaida upelekwe kwa mchomeleaji anayeaminika. Ukiwa kwenye kichwa cha fremu, ni afadhali kutafuta fremu nyingine.

Namba ya fremu, ambayo kwa kawaida hugongwa kwenye kichwa hicho, isisuguliwe kwa mashine wala kufukiwa kwa rangi nzito. Namba isiyosomeka humfanya mmiliki halali ashukiwe wizi.

Katika miji ya pwani chuma kilichosuguliwa huweza kuota kutu usiku mmoja tu. Kwa hiyo futa kwa tina na upige praima siku hiyo hiyo. Pulizia tabaka nyembamba kadhaa badala ya moja nzito, ukiepuka siku za mvua, maana unyevu huacha ukungu mweupe juu ya rangi. Rangi zinazochanganywa na hadina zina kemikali zinazosababisha pumu na zinahitaji vifaa maalumu vya kupumulia; hizo ziachwe kwa karakana yenye vifaa.

Injini ina masharti yake. Ziba matundu ya kabureta, ya bomba la moshi na ya kupumulia kabla ya kusugua, wala usikubali ipigwe mchanga ikiwa nzima, kwa sababu punje chache zikiingia kwenye njia za oili zitaila beringi. Alumini huhitaji praima yake maalumu, isipokuwa kopo la rangi likielekeza vinginevyo. Rangi iwe ya kuvumilia joto, na kwenye mapezi ya silinda ipakwe nyembamba, kwani rangi nene huzuia joto kutoka. Rangi nyingi za aina hiyo hukomaa kwa kupashwa moto, hivyo fuata muda ulioandikwa kwenye kopo.

Wakati wa kufunga, kwangua rangi mahali waya wa ethi unapogusa fremu. Pikipiki nyingi zilizotoka kupakwa rangi hugoma kuwaka kwa sababu hiyo tu, na mwenyewe akaishia kununua betri mpya bure. Na kama rangi iliyochaguliwa ni tofauti na ile iliyoandikwa kwenye kadi ya usajili, mabadiliko hayo yapelekwe kwenye mamlaka ya usajili kabla chombo hakijarudi barabarani.