Nani Mwenye Sikukuu? Dola, Kalenda na Mwaka Mpya katika Asia ya Mashariki

Maandishi mengi kuhusu sikukuu za Asia huzigawa mafungu mawili: sikukuu za taifa zilizowekwa kwa sheria, na sikukuu za jadi zilizorithiwa kutoka kwa wazee. Tangu Eric Hobsbawm na Terence Ranger, huyu wa pili aliyewahi kufundisha Dar es Salaam, walipohariri mkusanyiko wao wa mwaka 1983 kuhusu mila zilizobuniwa, wasomi wamejifunza kuutilia shaka mgawanyo huo. Tatizo ni kwamba wengi wamevuka mpaka upande wa pili. Siku hizi ni kama desturi kusema kwamba kila kinachoitwa jadi kimetengenezwa na dola. Makala haya yanadai kwamba historia ya mwaka mpya katika Asia ya Mashariki haiungi mkono dai hilo. Dola imejaribu kuihamisha, kuifuta na kuibadilisha jina sikukuu hiyo kwa zaidi ya karne moja, na mara nyingi imeshindwa. Ilipofanikiwa, ilifanikiwa kwa sababu madeni, mishahara na wajibu wa ukoo vilikuwa vimehama pia.

Japani ndiyo inayotajwa zaidi kama ushahidi wa nguvu ya dola. Mwezi Desemba 1872 serikali ya Mfalme Meiji ilitangaza kwamba kalenda ya zamani, iliyofuata mwezi na jua kwa pamoja, inaachwa. Wananchi walipewa siku 23 tu. Siku ya pili ya mwezi wa kumi na mbili ilifuatwa na tarehe 1 Januari 1873, na mwezi wa mwisho wa mwaka, mwezi wa kulipana madeni na kusafisha nyumba, ukabaki na siku mbili. Sababu iliyotolewa hadharani ilikuwa maendeleo. Ōkuma Shigenobu, mmoja wa viongozi waliohusika na fedha za serikali hiyo, alitaja sababu nyingine katika kumbukumbu zake: kwa hesabu ya zamani, mwaka uliokuwa unakuja ungekuwa na mwezi wa nyongeza, na watumishi waliokwisha kuanza kulipwa kwa mwezi wangestahili mishahara 13. Mabadiliko yakaiokoa hazina na mshahara huo, na hata ule wa mwezi uliomeguka. Ni nadra kwa mhusika kueleza mageuzi makubwa kwa uwazi wa namna hii.

Lakini amri haikumaliza jambo. Ofisi, shule, jeshi na reli vilifuata Januari mara moja, vijiji havikufuata. Familia nyingi za wakulima ziliendelea na mwaka mpya wa zamani kwa miongo kadhaa, nyingine hadi baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wakati kazi za mshahara zilipowapata vijana wao na daftari la nyumba likaanza kufungwa Desemba. Mji wa wavuvi wa Itoman, Okinawa, bado unasherehekea mwaka mpya wa zamani. Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaouita mwaka 1873 ushindi wa dola: dola ilibadilisha tarehe kwa siku moja, lakini sikukuu ilihama kwa muda wa vizazi, ikifuata riziki.

Obon, sikukuu ya kuwapokea na kuwaaga marehemu, inathibitisha hoja hii vizuri zaidi. Kwa kalenda ya zamani ilikuwa katikati ya mwezi wa saba. Baada ya mageuzi, Tokyo ilishika tarehe ikaifanya katikati ya Julai. Sehemu kubwa ya nchi ilishika majira ikaisogeza hadi katikati ya Agosti, kwa kuwa Julai ya kalenda mpya ilikuwa wakati wa kazi nyingi mashambani. Okinawa ilibaki na mwezi wa angani. Nchi moja, Obon tatu. Na hakuna hata moja kati ya hizo iliyo sikukuu ya taifa kisheria. Hata hivyo, kila Agosti treni hujaa, kampuni hufungwa, na watu hurudi kwao kuzuru makaburi. Ilinganishe na tarehe 11 Februari, siku ya kuasisiwa kwa taifa. Serikali ya Meiji iliianzisha, sheria ya sikukuu ya mwaka 1948 ikaiacha nje, Bunge likairudisha mwaka 1966 baada ya mabishano makali, na tangu mwaka 1967 imeadhimishwa tena. Siku hiyo ina sheria, bendera na wapinzani wake, lakini kwa kaya nyingi haina mlo wake wala safari yake. Ni siku ya kulala.

Nchini Uchina mgongano ulikuwa wa wazi zaidi. Jamhuri ilipozaliwa mwaka 1912 ilichukua kalenda ya miladia, na mwaka mpya wa zamani ukaanza kuitwa Sikukuu ya Majira ya Kuchipua ili jina la mwaka mpya libaki kwa Januari. Mwishoni mwa miaka ya 1920 serikali ya chama cha Kuomintang ilikwenda mbali zaidi: ikapiga marufuku kalenda ya zamani na kuagiza desturi zote zihamie Januari. Ilichokisahau ni kwamba biashara ilikuwa na kalenda yake. Wafanyabiashara walifunga hesabu mara tatu kwa mwaka, katika sikukuu ya mwezi wa tano, ile ya mwezi wa nane na mwisho wa mwaka. Mdai aliyekosa kulipwa kabla ya usiku wa mwisho alilazimika kungoja. Kumwambia mwenye duka ahamishe sherehe kulikuwa sawa na kumwambia abadilishe tarehe ya kila deni analodai mtaani. Marufuku ikalegea baada ya miaka michache. Mwaka 1967, katika Mapinduzi ya Utamaduni, serikali ya kikomunisti ilifuta likizo hiyo, na haikurudishwa hadi baada ya kifo cha kiongozi wake, Mao. Serikali mbili zilizopigana vita zilikubaliana juu ya jambo hili moja, na zote mbili zikashindwa.

Korea inaleta pingamizi ambalo halifai kupitwa haraka. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba Wakorea walikataa Januari kwa sababu ililetwa na Wajapani. Kuna ukweli hapo, kwani kalenda mpya ilianza mwaka 1896 chini ya baraza la mawaziri lililoegemea Japani, na baada ya mwaka 1910 wakoloni waliusukuma mwaka mpya wao. Lakini uhuru haukuirudisha Seollal, yaani mwaka mpya wa zamani. Serikali za marais Syngman Rhee na Park Chung-hee wa Korea Kusini, za Wakorea wenyewe, ziliipa Januari likizo ya siku tatu na kuuacha mwaka mpya wa zamani kuwa siku ya kazi, zikisema kusherehekea mara mbili ni ubadhirifu. Watu waliendelea kuwaandalia wazee waliotangulia meza ya asubuhi na kuwasujudia wazee walio hai. Mwaka 1985 serikali ikakubali kutoa siku moja, ikaiita Siku ya Mila, kana kwamba kutamka jina lenyewe kungekuwa kukiri kushindwa. Mwaka 1989 jina la Seollal likarudi, pamoja na likizo ya siku tatu. Ile ya Januari ikapunguzwa hatua kwa hatua hadi siku moja. Haya yalitokea wakati mamilioni walikuwa wamehamia Seoul na miji ya viwanda. Viwanda havikuua sikukuu. Viliongeza idadi ya watu waliohitaji siku ya kurudi kwao.

Vietnam inaonyesha lini dola hufaulu. Mwaka 1967 serikali ya Kaskazini iliamua kwamba hesabu ya mwandamo ifuate saa za Hanoi, saa moja nyuma ya zile zilizotumika Saigon. Mwezi uliofungua mwaka 1968 uliandama karibu na usiku wa manane, hivyo Kaskazini ilipata Tet, mwaka mpya wa Kivietnam, tarehe 29 Januari na Kusini tarehe 30. Msomaji wa pwani aliyewahi kuona msikiti mmoja ukisali Idi huku wa jirani ungali umefunga hatashangaa. Mashambulizi maarufu ya Tet dhidi ya Kusini yalianza katika miji kadhaa usiku mmoja kabla ya kwingine, na kalenda hizo mbili hutajwa kati ya sababu za mkorogo huo. Kwa hoja yetu, muhimu ni kwamba watu wa Kaskazini waliifuata tarehe mpya. Hawakuambiwa wauache mwezi, wala wasiende kwa wazazi. Siku ilisogea, wajibu ukabaki palepale.

Kuna hata kalenda inayoishi bila dola. Nairuzi, mwaka mpya uliovuka bahari kutoka Uajemi, huhesabiwa pwani yetu kwa siku 365 kamili bila siku ya nyongeza, ndiyo maana Mwaka Kogwa wa Makunduchi huangukia Julai ilhali Iran husherehekea Machi.

Hoja hii haimaanishi kwamba sheria ni bure. Indonesia ya Suharto iliwakataza Wachina, kuanzia mwaka 1967, kuufanya mwaka mpya wao hadharani. Rais Abdurrahman Wahid aliondoa katazo hilo mwaka 2000, na tangu mwaka 2003 ni sikukuu ya taifa. Kwa jamii ndogo iliyoonja kunyanyaswa, tofauti ya kusherehekea ndani ya nyumba na barabarani si ndogo. Dola ina uwezo wa kuificha sikukuu au kuipa nafasi, na kwa mfanyakazi wa kiwandani nafasi hiyo ni kila kitu. Ninachokataa ni kuuita uwezo huo ubunifu. Mtafiti anayetaka kujua uzito wa sikukuu aanze na tiketi za treni, makaburi na madaftari ya madeni, kisha ndipo asome gazeti la serikali.

Uchina ya leo inatoa kipimo. Mkesha wa mwaka mpya, siku ya mlo wa familia, uliingizwa katika likizo rasmi mwaka 2008, ukaondolewa mwaka 2014, na umerudishwa kuanzia 1 Januari 2025 baada ya manung'uniko ya muda mrefu. Katika miaka yote hiyo familia zilikula pamoja usiku uleule. Amri ya mwisho haikuanzisha lolote. Iliwaondolea tu wafanyakazi usumbufu wa kuomba ruhusa.