Kadi za grafiki: nani anaweka mupaka wa mwendo na wa volti, na juu ya nini?

Kadi ya grafiki ni kile kipande cha kompyuta chenye kazi ya kutengeneza picha zote zinazoonekana kwenye ekra. Ndani yake kuna chipu moja kubwa, memwari yake, na ventilateri za kuondoa joto. Wenye kucheza michezo ya video wanaihitaji, wenye kupanga filamu wanaihitaji, na siku hizi hata programu za akili bandia zinafanya kazi juu yake. Chipu nyingi za namna hiyo zinatoka kwa kampuni mbili za Marekani, NVIDIA na AMD. Kampuni zingine, kama vile ASUS, MSI na Gigabyte za Taiwani, zinapata chipu hizo na kujenga kadi zenye zinauzwa madukani.

Zamani, mutu akinunua kadi aliweza kuiongezea mwendo kupita ule wenye kiwanda kiliweka. Mafundi wanaita jambo hilo ovakloki. Leo bado inawezekana, lakini kidogo tu. Volti, zenye ndizo zinabeba mwendo huo, zimefungwa. Watengenezaji wanasema ni kwa kulinda kadi. Watumiaji wengi wanajibu kwamba ni kwa kulinda biashara. Habari ya miaka zaidi ya kumi inaonyesha kwamba kila upande uko na sehemu ya ukweli, na kwamba shida yenyewe iko mahali pengine: mutu aliyelipa feza yake hawezi kujua ni kufuli gani iliwekwa juu ya nini.

Mwendo na volti vinaenda pamoja

Mwendo wa chipu unahesabiwa kwa megahezi. Kadi ya NVIDIA GTX 680, iliyotoka mwaka wa 2012, ilikuwa na mwendo wa musingi wa megahezi 1006, ni kusema mapigo zaidi ya bilioni moja kila sekunde. Ili chipu ipige haraka zaidi bila kukosea hesabu, inaomba volti kidogo zaidi. Volti ni kama nguvu yenye inasukuma maji ndani ya bomba.

Lakini nguvu hiyo iko na bei. Umeme wenye chipu inakula unapanda sawa na mwendo, halafu unapanda tena kwa volti mara mbili. Tuchukue mufano: chipu inatoka volti 1.0 inakwenda 1.1, na mwendo wake unaongezwa asilimia 10. Hesabu ni 1.1 mara 1.1 mara 1.1, inatoa 1.33. Kwa hiyo kazi imeongezeka asilimia 10, lakini umeme umeongezeka karibu asilimia 33, na umeme huo wote unageuka kuwa joto.

Jambo lingine ni kuzeeka. Nyuzi za chuma ndani ya chipu ni nyembamba kuliko unywele wa mutu mara zaidi ya elfu moja. Umeme mwingi ukipita pamoja na joto kali, unasukuma atomu za chuma hicho polepole, hadi siku moja uzi unakatika. James Black, aliyefanya kazi kwenye kampuni ya Motorola, alitoa hesabu ya jambo hilo katika miaka ya 1960, na wahandisi wanaitumia hadi leo. Kadi yenye imepewa volti nyingi inaweza kufanya kazi muzuri leo na kesho, kisha ikafa mbele ya wakati wake. Ile ndiyo hofu ya kiwanda: kadi yenye inarudi ikiwa ingali ndani ya garanti, na hakuna mwenye anaweza kujua ilitumiwa namna gani.

Namna kufuli ziliingia moja kwa moja

Mwezi wa Desemba 2010, AMD ilitoa kadi mbili ndugu: Radeon HD 6950 na HD 6970. Chipu yao ilikuwa moja. Ile ya bei kubwa ilikuwa na vitengo vya hesabu 1536. Ile ya bei ya chini ilikuwa na 1408, juu vingine vilizimwa. Upesi watumiaji waligundua kwamba ukiweka BIOS ya kadi kubwa ndani ya kadi ndogo, vitengo vyenye vilizimwa vinaamka kwenye kadi nyingi. BIOS ni ile programu ndogo yenye imeandikwa ndani ya kadi na yenye inaiambia iende mbio namna gani na ipokee volti ngapi. Mutu alilipa bei ya kadi ndogo, akatumia kadi kubwa. Hapo hakukuwa habari ya usalama hata kidogo. Ilikuwa habari ya bei.

Upande wa NVIDIA, mambo yalianza na moto. Kadi GTX 580 ya Novemba 2010 ilikuja na vifaa vya kupima umeme na kuipunguzia mwendo wakati wa programu zenye kukamua kadi sana, kama FurMark na OCCT. Mwezi wa Machi 2011 ikatoka GTX 590, yenye chipu mbili juu ya kadi moja. Waandishi fulani wenye kazi ya kujaribu vifaa waliongeza volti zake, na kadi zikaungua mbele ya macho yao. NVIDIA ikatoa haraka programu endeshi mupya yenye ulinzi zaidi. Programu endeshi ni ile yenye inaunganisha kadi na kompyuta.

Mwaka mumoja kisha, katika Machi 2012, GTX 680 ilibadilisha desturi yenyewe. Kuanzia hapo kadi inapima umeme wake na joto lake, kisha inajichagulia mwendo na volti kila wakati. Mutumiaji anaomba, kadi ndiyo inaamua. Volti za GTX 680 zilikuwa na mupaka wa 1.175.

Kampuni moja, EVGA, ilikuwa na njia ya kupita mupaka huo. Iliuza kifaa kidogo cha kushika mukononi, EVBot, chenye kilichomekwa moja kwa moja kwenye kadi ili kupandisha volti. Mwezi wa Oktoba 2012, EVGA iliondoa njia hiyo kwenye GTX 680 Classified ili kufuata masharti ya NVIDIA. Masharti hayo yalikuwa ndani ya mupango wenye jina Green Light: kampuni yenye inajenga kadi inapaswa kuonyesha kwanza mufano wake kwa NVIDIA mbele ya kuuza. NVIDIA ilieleza kwamba volti kupita mupaka zinafupisha maisha ya chipu. EVGA iliendelea kufanya kazi na NVIDIA hadi Septemba 2022, wakati ilitangaza kwamba inaacha kabisa biashara ya kadi za grafiki.

Sahihi ndani ya chipu

Kufuli ngumu zaidi haionekani kwa macho. Kuanzia chipu za GTX 900 zilizotoka mwaka wa 2014, NVIDIA ilianza kudai sahihi ya siri kwenye programu za ndani za kadi. Pamoja na GTX 1080 ya 2016, BIOS yenye mutu alibadilisha haikubaliwi tena, juu haina sahihi ya kiwanda. Kwenye kadi hizo, programu za kuongeza mwendo zinaonyesha bado kitufe cha volti, lakini kinatoka karibu 1.062 na kuishia karibu 1.093. Ni kusema asilimia 3 hivi.

AMD ilifuata njia yake. Kadi za Vega za mwaka wa 2017 zinakagua BIOS mbele ya kuamka. Katika kadi za RX 6000 za mwaka wa 2020, kampuni iliweka mupaka wa mwendo wenyewe: megahezi 2800 kwa RX 6800 XT, na 3000 kwa RX 6900 XT. Kadi hizo mbili zinatumia chipu ya namna moja, Navi 21. Inawezekana chipu bora ndizo zilichaguliwa kwa kadi ya bei kubwa. Inawezekana pia mupaka uliwekwa ili kadi ndogo isifikie dada yake. Mwenye kununua hana njia ya kujua.

Siku watumiaji walisikilizwa

Mwezi wa Februari 2015, wenye kompyuta za mukononi zenye kadi GTX 900M waliweka programu endeshi mupya ya NVIDIA, 347.29. Kisha kuiweka wakaona kwamba kuongeza mwendo hakuwezekani tena. Hakuna kitu kilibadilishwa kwenye mashini zao. Uwezo wenye walikuwa nao jana uliondolewa kwa programu tu. NVIDIA ilisema kwamba uwezo huo uliingia kwa kosa, na kwamba kompyuta za namna hiyo hazikujengwa kwa joto la kuongeza mwendo. Watumiaji walikataa maelezo hayo, juu makampuni fulani yaliuza kompyuta hizo kwa kusifu kwamba zinaweza kuongezwa mwendo. Siku chache kisha, NVIDIA ilisema itarudisha uwezo huo katika programu ya Machi.

Jambo hilo lilionyesha kitu kimoja: kadi iko nyumbani kwako, lakini mupaka wake unaweza kubadilishwa kutoka mbali.

Wenye wanaumia bila kutafuta mwendo wa zaidi

Kufuli haiwagusi paka wapenda mbio. Watumiaji wa mfumo wa Linux wako na programu endeshi ya bure, Nouveau, yenye inaandikwa zaidi na watu wa kujitolea. Tangu sahihi za 2014, Nouveau haikuweza kupandisha mwendo wa kadi hizo mupya hata kufikia ule wa kawaida wa kiwanda. Kadi inaamka na mwendo wa chini, inabakia hapo. Katika Mei 2022 NVIDIA ilifungua sehemu ya programu yake kwa kadi za kizazi cha RTX 20 na zenye zilifuata, na Linux 6.7 ya Januari 2024 iliruhusu Nouveau kuzitumia muzuri zaidi. Lakini GTX 900 na GTX 1000 zilibakia inje ya mulango.

Hapo kuna hasara ya kweli. Katika mwaka wa 2025 NVIDIA ilitangaza kwamba kadi za vizazi hivyo viwili zinafikia mwisho wa programu endeshi za kawaida na zitapata tu masahihisho ya usalama kwa miaka michache. Kadi za umri huo ndizo zenye mutu wa mufuko mudogo anaweza kulipa kwenye soko la okazio. Kiwanda kikiacha kuzitunza, na kufuli ikibaki, hakuna mwingine anayeweza kuzitunza kwa ukamilifu.

Wenye kuvunja kufuli

Wengine hawaombi ruhusa. Njia ya kwanza ni ya mafundi wa kuchomelea. Kadi inapima umeme wake kupitia rezistansi ndogo sana, mara nyingi za milioho 5. Ukichomelea rezistansi nyingine ya namna ileile juu yake, kadi inaona nusu tu ya umeme wenye unapita pale, na inaachilia zaidi. Njia ya pili ni ya programu. Mwezi wa Agosti 2023 zilitokea programu mbili, OMGVflash na NVflashk, zenye zinaweza kuandika BIOS yenye mutu alibadilisha ndani ya kadi za NVIDIA hadi kizazi cha RTX 20.

Njia zote mbili zinaondoa ulinzi wa kweli pamoja na mupaka wa biashara, juu vyote vilifungwa na kufuli moja. Mwenye kudanganya kipimo cha umeme anaweza kuyeyusha waya, na garanti inapotea.

Mambo ya kuangalia mbele ya kulipa

Mutu mwenye ananunua kadi ya okazio anaweza kurizi mashaka ya mwenzake bila kujua. Programu ya bure GPU-Z inaonyesha namba ya BIOS na mupaka wa umeme wa kadi. Linganisha na kadi ya jina lilelile. Zikitofautiana, uliza muuzaji. Fungua pia macho karibu na mahali kadi inachomekwa waya za umeme: alama za kuchomelea kwa mukono zinaonekana. Kuhusu garanti, kampuni fulani zinafuata namba ya kadi, zingine zinajua paka mutu wa kwanza mwenye aliinunua.

Kuna upande mumoja wenye mulango umebaki wazi: kushusha volti. Kwenye kadi nyingi za NVIDIA na AMD, mutumiaji anaruhusiwa kupunguza volti na kuacha mwendo karibu palepale, kwa sababu kiwanda kinaweka volti za ziada ili hata chipu zenye ni zaifu zifanye kazi. Kwa kadi kama RTX 3080, yenye kula wati 320, kushusha kidogo kunaweza kupunguza makumi ya wati. Kwa mwenye anatumia grupu ao umeme wa jua, hiyo ni akiba ya kila siku. Ishushe polepole, na kompyuta ikianza kuzima ao picha kuharibika, rudi nyuma hatua moja.

Kwenye karatoni ya kadi, kiwanda kinaandika gigabaiti za memwari, na mara nyingi megahezi. Volti za mwisho hazimo. Wala hakuna mustari wenye unasema mupaka huu uliwekwa kwa kulinda chipu, ule kwa kulinda garanti, na ule mwingine ili kadi ya bei kubwa iendelee kuuzika. Kama ingekuwa imeandikwa, ubishi mwingi ungeisha, na mutu angechagua akijua kitu chenye analipia.