Mvinyo wa Stanley, jungu la Halima

Salamu ya Stanley kwa Livingstone pale Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, inajulikana dunia nzima. Kilicholiwa baada ya salamu hiyo hakisimuliwi sana, nami naona ndicho kinachotuhusu zaidi sisi watu wa ziwa.

Safari ya Stanley ilianzia Hispania. Oktoba 1869 Henry Morton Stanley alikuwa Madrid, mwandishi wa gazeti la New York Herald. Mwajiri wake, James Gordon Bennett, akamwita Paris na kumtuma amtafute mmisionari na mpelelezi David Livingstone. Kwa hesabu yake mwenyewe, Stanley aliingia Ujiji Novemba 10, 1871.

Alimkuta mzee amedhoofika. Livingstone alikuwa ametoka Manyema, ng'ambo ya magharibi ya ziwa, siku chache kabla na kukuta bidhaa alizotumiwa zimekwisha kuuzwa. Alikuwa akila mara mbili tu kwa siku, tena chakula kichache kisicho na ladha.

Wawili hao wakiwa bado barazani, vyakula vikaanza kuingia kutoka nyumba za jirani. Said bin Majid alituma vikate vya nyama, vya moto. Muhammad bin Salih alituma kuku wa bizari. Mwinyi Kheri, mmoja wa wakubwa wa mji, akatuma mchuzi wa mbuzi na wali. Hakuna aliyewaagiza. Mji wa Kiislamu wenye kupokea misafara kutoka pwani na Kongo ulijua wajibu wake mgeni anapobisha hodi, na Livingstone, aliyekuwa amepoteza hamu ya chakula, akala sahani baada ya sahani.

Hapo ndipo Stanley alipomwagiza Selim, kijana wake mkalimani kutoka Jerusalem, alete chupa na vikombe vya fedha. Ilikuwa shampeni ya Sillery, kutoka Ufaransa, iliyobebwa kwa miguu tangu Bagamoyo kwa ajili ya siku hiyo. Walikunywa wakitakiana afya njema. Chupa hiyo imeandikwa sana.

Mimi namtazama Halima, mpishi wa Livingstone. Stanley anaeleza jinsi alivyokuwa akichungulia mara kwa mara kutoka jikoni ahakikishe kweli wazungu ni wawili. Kwa muda mrefu alihofu kwamba bwana wake hapendi mapishi yake. Sasa alikuwa akiwasimulia watu waliokusanyika mbele ya jiko, kwa furaha isiyozuilika, jinsi chakula kilivyokuwa kikiliwa. Siku zilizofuata Livingstone alikula mara nne kwa siku, akapata nguvu. Shampeni ilikwisha siku ileile. Mwili wake ulijengwa na jungu la Halima. Kila mgeni anayepelekwa kwenye kumbukumbu ya Livingstone pale Ujiji angestahili kusikia jina hilo pamoja na yale mawili ya Stanley na Livingstone.

Baadaye Livingstone aliandika kwamba Halima hakuwahi kumwibia wala kumruhusu mumewe aibe, na kwamba wakifika Unguja atamwacha huru na kumnunulia nyumba na bustani. Mei 1873 akafariki katika kijiji cha Chitambo. Halima aliufuata mwili wake hadi pwani. Horace Waller, aliyehariri shajara za mwisho za Livingstone, aliweka tanbihi akisikitika kwamba kifo hicho kiliacha utumishi wote wa mwanamke huyo bila malipo yoyote.