Uraia na Utaifa: Tafakari Kutoka Mpakani



Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilipatana juu ya mpaka utokao pwani, upitao kaskazini ya Kilimanjaro, hadi ufuko wa mashariki wa Ziwa Victoria. Wakurya hawakuulizwa. Koo za Wairegi, Wanyabasi na Wakira zikajikuta pande mbili: ndugu mmoja Tarime, mwingine Kenya.

Hapo tofauti huonekana wazi. Utaifa, kwa maana ya kale ya neno taifa, ni kuzaliwa katika watu fulani, wenye lugha na mila zao. Uraia ni kifungo cha sheria kati ya mtu na dola, chenye haki na wajibu. Sheria yetu ya Uraia ya mwaka 1995, kwa kawaida, haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaruhusu. Basi Mkurya wa Sirari na mwenzake wa Isebania ni watu wa taifa moja, raia wa dola mbili.

Mtakatifu Paulo alikuwa Myahudi kwa taifa, Mrumi kwa uraia. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 22, uraia huo ulimwepusha na mijeledi. Aliidai haki yake, wala hakuwakana watu wake.

Nasi tusiseme uongo ili kupata kitambulisho. Lakini tusimwite jirani mgeni kwa sababu tu shangazi yake aliolewa ng'ambo. Karatasi huulizwa na afisa. Ndugu haulizwi karatasi.